Fundi Mwavuli na Kengele ya Gulio

Zamani, mtu aliyetaka kutoa sufuria yake apate kiti chako ilimbidi aje nayo mkononi na kukutazama usoni. Siku hizi watu wanabonyeza kioo, kitu kinaletwa na kijana wa pikipiki kikiwa kimevunjika mguu, na wala hakuna uso wa kuutukana.

Fundi Mwavuli aliziishi nyakati hizo zote mbili, na hizi za pili hakuzipenda hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza miavuli, kazi ambayo siku hizi ukiitaja watu wanadhani unatania. Mwavuli ukikatika njiti leo unatupwa. Wakati ule uliletwa kwake, chini ya ngazi ya jengo la ghorofa, ndani ya kijichumba chenye mlango wa mbao na kufuli kubwa kuliko mlango wenyewe. Ukiingia ulikuta benchi, koleo mbili, mkebe wa njiti za akiba, na yeye ameinama kana kwamba anamng'oa mtu jino. Ukinyanyuka ghafla uligonga kichwa kwenye ngazi. Wateja wake wa siku nyingi ulikuwa unawajua mtaani kwa namna walivyonyanyuka, polepole, hata wakiwa nje uwanjani.

Darini alikuwa amening'iniza miavuli iliyofunguliwa, vichwa chini na mipini juu, mikubwa kwa midogo, na katikati ule mkubwa mweusi kuliko yote. Wapita njia walidhani ni tangazo la biashara, na wengine walimsifu kwa ubunifu. Ukweli ni kwamba bomba la ghorofa ya kwanza lilikuwa linavuja kila walipofua nguo kule juu, na miavuli ilikuwa inakinga maji. Jioni aliishusha mmoja mmoja, akamwaga maji kwenye ndoo, akafunga kufuli na kwenda zake nyumbani. Hakuwahi kulalamika. Alisema bomba lile ni jirani kama majirani wengine, lina siku zake.

Lakini kazi iliyomfanya ajulikane haikuwa hiyo. Fundi alikuwa Shahidi wa gulio la kubadilishana.

Gulio lenyewe lilizaliwa mwaka ule kiwanda cha sabuni kilipoishiwa na kuanza kuwalipa wafanyakazi wake sabuni. Miche kwa miche. Mtaa mzima ukawa msafi na wenye njaa. Mwenye sabuni alitaka unga, mwenye unga alitaka mkaa, mwenye mkaa alikuwa mweusi kuanzia utosi hadi visigino, akataka sabuni, ila hawakujuana. Basi Jumamosi moja, hakuna aliyewaita, wakajikuta wote katika uwanja wa ghala kuukuu, kila mtu na mzigo wake kichwani. Fundi naye alikwenda, kijana bado, na furushi la sabuni alizolipwa na wateja.

Siku hiyo ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Bwana mmoja alitoa kitanda akapewa redio, akaenda zake anacheka. Baada ya muda mfupi alirudi hacheki, nyuma yake mkewe, kwa kuwa kitanda kilikuwa cha mke na redio ilikuwa bubu. Ngumi zikaanza. Watu wakashika upande, hata wale ambao hawakuwa na kitanda wala redio. Hapo ndipo Mkunga alipopita akitoka zamu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya kumkunja fahali, na kwenye mkoba wake alikuwa na kengele ya shaba, ile ya kuwaitia akina mama kliniki. Akapanda juu ya kreti akaipiga mpaka mbwa wa ghala akajificha. Watu waliponyamaza akasema, "Mwenye kengele ndiye anayesema. Wengine fungeni midomo."

Na hiyo ndiyo ikawa katiba. Haikuandikwa popote. Mwenye kengele ndiye mwenyekiti, yeye hufungua gulio kwa kuipiga na hulifunga kwa kuipiga, na mpaka ipigwe mara ya pili gulio halijafungwa hata giza likiingia. Hakuna aliyepiga kura. Siku hizi kamati inachaguliwa, inaapishwa, inashonewa fulana, halafu ndipo inaulizana kazi yake ni nini.

Kisha Mkunga akauliza nani aliona kitanda kikitolewa. Fundi, ambaye hajawahi kuharakishwa na mtu tangu azaliwe, akainua mkono polepole na kusema, "Niliona mimi. Alikuwa anacheka." Kwa jibu hilo akafanywa Shahidi siku hiyo hiyo, na akabaki Shahidi mpaka nywele zikageuka rangi.

Yeye ndiye aliyetunga desturi ya kushika na kuachia. Wawili wanaobadilishana husimama mbele ya Shahidi. Kila mmoja hushika kitu chake kwa mkono wa kulia na cha mwenzake kwa mkono wa kushoto, hata kwa muda mfupi wote wawili wana vyote viwili. Shahidi humuuliza mmoja, "Umeridhika?" naye hujibu, "Nimeridhika." Humuuliza wa pili. Halafu husema, "Achia," na kila mmoja huachia cha kwake. Basi, imekwisha. Wawili hao hawawezi kurudishiana mpaka gulio la mwezi unaofuata, hata kama redio ni bubu. Na sheria nyingine ilikuwa hii: ukiulizwa habari za kitu chako, sema kweli, usipoulizwa, si kosa kunyamaza. Kwa hiyo watu walijifunza kuuliza. Bibi mmoja alimhoji mwenye jogoo mpaka jogoo mwenyewe akasinzia.

Wa tatu katika kamati alikuwa Konda, kondakta mstaafu wa mabasi, mrefu kama nguzo, ambaye kwa mazoea alisimama ameshika kitu juu hata pasipo na kitu cha kushika. Yeye alikuwa Mweka Hazina. Fedha hazikuruhusiwa kuingia gulioni, ndiyo maana zilihitaji mtu wa kuzizuia. Alisimama langoni, kila anayeingia akamfungia sarafu zake katika leso yake mwenyewe na kuitundika kwenye msumari. Kila mwisho wa mwaka alisimama mbele ya watu, akakohoa, akatoa taarifa: "Hazina ipo salama. Haina kitu. Naomba kuwasilisha." Watu walipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Hakuna aliyelipwa. Hakuna hata aliyenunuliwa chai. Walikutana mara chache kujadili tundu la uzio wa nyuma, na kila mara waliazimia kwamba litazibwa na mjumbe atakayejitolea, kisha wote watatu wakatazama juu kana kwamba ndege anapita. Lile tundu lilizeeka nao.

Kulikuwa na jambo moja lililomkera mke wa Fundi. Shahidi hawezi kujishuhudia mwenyewe, kwa hiyo kwa miaka yote hiyo Fundi hakuwahi kubadilishana hata kijiko. "Wenzangu waume zao wanarudi na mabeseni," mkewe alikuwa akiwaambia majirani, naye akiwa anasikia. "Mimi ninarudishiwa mume vilevile alivyotoka." Hata hivyo, kila Jumamosi ya gulio alimfuata jioni kwenda kumchukua, maana bila kuvutwa mkono Fundi angebaki pale akimwuliza mbwa kama ameridhika. Maneno yale alikuwa anayasema hata usingizini. Mkewe alishayajua yote, na zaidi ya usiku mmoja alijibu, "Nimeridhika, lala."

Sasa, ng'ambo ya barabara, mkabala na ile ngazi, akafungua duka la simu mtu mmoja ambaye mtaa ulimwita Bwana Maendeleo. Viatu vyake vilikuwa na ncha, na kila sentensi aliianza na "kwa utaratibu wa kisasa". Alikuwa na mambo mawili moyoni. La kwanza, alikitaka kijichumba cha chini ya ngazi, kona nzuri inayoonekana na kila apitaye, aweke meza ya kuchaji simu. Alimfuata Fundi mara nyingi, na Fundi kila mara alimjibu kwamba atafikiri, kisha akaendelea na njiti zake. La pili, alitaka gulio liwe la kisasa: meza zenye namba, kipaza sauti, kiingilio, na anayependa kulipa fedha alipe. Alilisema hilo mbele ya watu. Mkunga akamtazama kutoka kwenye ncha za viatu mpaka juu.

"Wewe, mwanangu," akamwambia, "mimi ndiye niliyekupiga kibao cha kwanza hapa duniani. Hukulia vizuri. Tangu siku ile nina wasiwasi na wewe."

Watu wakacheka, Bwana Maendeleo naye akacheka kidogo kwa utaratibu wa kisasa, jambo likaisha. Au ndivyo walivyodhani.

Maana ikaja ile Jumamosi ya kiti.

Kiti kilikuwa cha kubembea, cha mbao nzito, kimesuguliwa na makalio ya vizazi mpaka kinang'aa. Kililetwa na Mpishi, mzee mmoja aliyestaafu jikoni mwa shule ya bweni akabaki na tabia ya kuongea kwa sauti ya kulisha watu wengi. Mkunga wakati huo miguu ilikuwa imeanza kumsaliti. Akakikalia kiti kwa kukijaribu tu. Kikaenda mbele, kikarudi nyuma. Akafumba macho. Walioliona tabasamu lile walisema hawakuwahi kuliona tangu wamfahamu, na wengi walimfahamu tangu dakika waliyozaliwa.

Bahati mbaya alikuwa ameshatoa kila alichokuja nacho. Beseni limekwenda, mto umekwenda. Mpishi akamwambia kwa utani, kwa ile sauti yake, kwamba basi ampe kengele, akawaitie kuku wake nyumbani. Mkunga, macho yamefumba, akasema chukua. Wakashika. Mkono mmoja kwenye kengele, mwingine kwenye kiti, wote wawili wanacheka, na watu waliowazunguka wanacheka.

Fundi alikuwa amesimama pale pale. Tangu asubuhi alikuwa ameshuhudia mabadilishano mengi, watu wameshika, wameachia, na kichwa chake kilikuwa kwenye mwavuli wa mteja mmoja uliokataa kufunguka. Alipoona mikono minne kwenye vitu viwili, mdomo ukajiendea wenyewe.

"Umeridhika?"

"Nimeridhika kabisa," akasema Mkunga, bado anabembea.

"Umeridhika?"

"Nimeridhika," akanguruma Mpishi.

"Achia."

Wakaachia.

Ndipo kicheko kikaanza kupungua, kutoka wa mbele kwenda wa nyuma, kama taa zinazozimwa ukumbini. Mkunga akafumbua macho. Mpishi akaitazama kengele mkononi mwake. Wote wakamgeukia Fundi, na Fundi akatazama mikono yake kana kwamba ndiyo iliyosema. Hapakuwa na namna. Wameshika, wameulizwa, wameridhika, wameachia. Wawili wale hawawezi kurudishiana mpaka mwezi ujao, na mwenye kengele ndiye mwenyekiti.

Konda alipopata habari langoni alimtuma mtu kuuliza kama sasa asimame au akae.

Mpishi hakuutaka uenyekiti. Kabla hajapiga hatua, watu wawili walimletea ugomvi wa godoro, mwingine akamwuliza lini tundu la uzio litazibwa. Akatoka jasho. Akakimbilia kwa mama mmoja mwenye watoto pacha, akambadilishia kengele kwa chandarua kilichotoboka. Mama pacha alitawala kwa muda wa usingizi wa watoto: alitangaza kwamba gulio zima linong'one. Watu wakabadilishana makabati kwa kunong'ona. Watoto walipoamka akaitoa kengele kwa Kinyozi, akapata kioo. Kinyozi akaamuru kwamba mwenye kichwa kisichochanwa asishike kitu cha mtu, na foleni ikatokea mbele ya kiti chake mpaka Mkunga mwenyewe, kutoka kwenye kiti chake kipya, akamkumbusha kwa sauti kuwa naye alizaliwa na nywele zimekaa hovyo. Kila badiliko Fundi alilishuhudia. Angefanyaje? Ndiyo kazi yake. Ila kila aliposema "achia" sauti ilikuwa inazidi kushuka, mpaka ikabidi asomwe midomo.

Na watu walikuwa wanacheka, maana ni kweli ilichekesha, kumpata mwenyekiti mpya kila ukigeuka. Walicheka mpaka Kinyozi alipotoa kengele akapokea mashine ya kunyolea inayotumia betri, mpya, bado imo katika nailoni yake. Aliyeipokea kengele alikuwa na viatu vya ncha.

Bwana Maendeleo akapanda juu ya kreti. Akasema kwa utaratibu wa kisasa kwamba kuanzia mwezi ujao kutakuwa na meza zenye namba, kiingilio kitalipwa langoni, na fedha ziingie na kutoka kama zinavyoingia na kutoka duniani kote. Mashahidi, akaongeza, hawatahitajika. Kila mtu atapewa risiti. Akamalizia kwamba atafunga gulio baada ya kupiga picha, akamwomba mtu ampige picha, akaona haikutoka vizuri, akaomba nyingine.

Picha ile ndiyo iliyowaokoa.

Fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kichwa mikononi. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Konda alikuja kutoka langoni, akasimama ameshika hewa juu ya kichwa chake, akauliza kwa sauti ya mtoto aliyepotea, "Fedha zikiingia, mimi nitalinda nini?" Mkunga alikuwa ameacha kubembea.

Mke wa Fundi akawakuta hivyo. Alikuja kumchukua mumewe kama kawaida. Aliposimuliwa, hakupiga kelele wala hakushika kiuno. Aliuliza tu kama kengele imeshapigwa. Wakamwambia bado, anapigwa picha.

"Basi gulio halijafungwa," akasema. "Na yule ana kitu chenu mkononi. Tafuteni anachokitaka."

Kila mtu alijua yule bwana anachokitaka. Fundi akaingiza mkono mfukoni, akauona ufunguo wa kufuli lake, akautoa, akaukagua kama anaona ufunguo kwa mara ya kwanza. Chini ya ile ngazi ndiko alikokula ujana wake. Ndiko alikojifunza kusoma, kwa magazeti yaliyofungiwa miavuli, ndiyo maana hata uzeeni alijua mwanzo wa habari nyingi na mwisho wa chache sana. Alisimama, kwa mazoea akanyanyuka polepole asigonge kichwa, na juu yake hapakuwa na kitu isipokuwa mbingu.

Akamwendea Bwana Maendeleo akamwonyesha ufunguo. Haikuhitaji hotuba. Macho ya yule bwana yaliwaka. Hata hivyo alikuwa mfanyabiashara, akakumbuka sheria ya kuuliza, akauliza.

"Ile miavuli ya darini, utaiondoa?"

"Nitaiondoa," akasema Fundi.

"Yote? Sitaki uchafu."

"Yote. Hata ule mkubwa wa katikati."

Bwana Maendeleo akafikiri kama kuna swali jingine. Konda, aliyeijua ile miavuli, akapatwa na kikohozi. Swali jingine halikuja.

Sasa nani ashuhudie? Shahidi hawezi kujishuhudia, na katika watu wote pale hakuna aliyewahi kuifanya kazi ile. Ikawa kutazamana. Mke wa Fundi akaweka kapu lake chini, akafunga khanga vizuri kiunoni, akasogea mbele yao.

"Shikeni," akasema. "Wa kulia chako, wa kushoto chake. Wewe bwana, si hivyo, umepishanisha mikono."

Akamwuliza Bwana Maendeleo kama ameridhika, naye akasema ameridhika kabla swali halijaisha. Kisha akamgeukia mumewe.

"Umeridhika?"

Fundi alikuwa ameuliza swali lile kwa watu wengi kuliko waliomo mtaani, na hakuwahi kulisikia. Midomo ikacheza. Uwanja mzima ukanyamaza hata wale pacha. Mkewe akasubiri, halafu akasogea karibu, akasema chini chini, "Mzee wangu, mimi nauliza kweli. Siulizi kwa sababu ya kazi."

Akaiangalia kengele. Akamwangalia Konda na mkono wake wa hewani, na Mkunga aliyekaa wima kwenye kiti asichokifurahia tena.

"Nimeridhika," akasema.

"Haya. Achia."

Bwana Maendeleo akaachia kengele papo hapo. Vidole vya Fundi vikakataa. Vilikuwa vimeshika ufunguo ule kila jioni tangu ujana, havikuwa na habari za katiba. Ikabidi mkewe amgonge kidogo juu ya kiganja, kama anavyogongwa mtoto aliyeshika kisu, ndipo vikafunguka.

Hivyo Fundi Mwavuli akawa mwenyekiti. Uongozi wake ulidumu kwa tamko moja: habari za fedha zisitajwe gulioni hata kwa kunong'ona. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma kuuliza vipi lile tundu, na Fundi akatazama juu, ndege akapita. Kisha akaipiga kengele kwa mikono miwili, gulio likafungwa.

Kesho yake walihamisha miavuli. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili. Ikatundikwa sebuleni, ikatundikwa juu ya kitanda, na ule mkubwa mweusi ukakaa mlangoni ambapo kila mgeni aliusalimia kwa paji la uso. Wateja wakaanza kuja nyumbani, wanakalia kitanda, wanaulizwa habari za watoto. Mke wa Fundi alisema kwamba kwa miaka yote aliomba mumewe arudi na kitu kutoka gulioni, ila hakumaanisha arudi na karakana.

Siku ya kufua kule ghorofani ilipofika, Bwana Maendeleo alikuwa ameshapanga simu za watu mezani, kila moja na waya wake. Watu wanasema sauti aliyoitoa ilivuka barabara, ikaingia dukani kwake mwenyewe. Alifika kwa Fundi amelowa mpaka ncha za viatu zimenyooka kuelekea chini.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza habari za miavuli," akasema Fundi kwa upole. "Nikakujibu."

Yule bwana alisimama pale anadondosha maji. Mwisho akauliza kwa sauti ndogo, bila utaratibu wowote, ule mkubwa wa katikati anaweza kuupata kwa kitu gani. Akaacha saa ya ukutani. Mke wa Fundi akawashuhudia.

Mwezi uliofuata Mkunga alikuja gulioni amebebewa kiti chake cha kubembea. Hakutaka hata kukikalia kwa kuagana nacho. Alisema usingizi wa kile kiti ulimwonyesha jinsi mtu anavyoweza kupoteza nchi nzima kwa ajili ya makalio. Wakashika, yeye na Fundi, mke wa Fundi akauliza, wakaachia. Kengele ikarudi kwa mwenyewe. Kiti kikaenda nyumbani kwa Fundi, na jioni ile mkewe akakikalia chini ya miavuli, akaenda mbele, akarudi nyuma, akasema basi, leo angalau.

Gulio halikuuawa na Bwana Maendeleo. Hilo lazima lisemwe kwa haki. Aligeuka mhudhuriaji mzuri, akawa anakuja na betri kuukuu, anauliza maswali mengi kuliko yule bibi wa jogoo. Lilikufa lenyewe, kwa kupungua. Mwezi huu hayupo huyu, ujao hayupo yule. Watu walianza kupiga picha za vitu vyao na kuziweka kwenye simu wakiwa wamelala. Kamati mpya za mtaa zilifanya semina juu ya ushirikishwaji wa jamii ndani ya ukumbi wenye feni, na jamii ikawa nje. Mpishi alifariki. Wale pacha waliota ndevu wakahama. Siku moja mke wa Fundi naye akashindwa kutembea mpaka uwanjani, akawa anamsubiri mumewe kwenye kiti, anamwuliza akiingia kama kulikuwa na watu, naye anasema walikuwepo.

Jumamosi ile ya mwisho kulikuwa na manyunyu. Fundi alipofika uwanjani aliwakuta wawili tu: Konda langoni, misumari mitupu ukutani mwake, na Mkunga juu ya kreti ameshika kengele na mwavuli. Mbwa alikuwa mwingine, mjukuu wa yule wa kwanza huenda. Walingoja. Hakuna aliyekuja, hata kwa kupotea njia. Konda akakohoa, akatoa taarifa ingawa haukuwa mwisho wa mwaka. Hazina ipo salama. Haina kitu. Wawili waliobaki wakapiga makofi.

Mkunga akainua kengele afunge, kisha akaishusha. Akasema katika maisha yake hajawahi kufunga gulio ambalo hakuna kilichobadilishwa, na hataanza uzeeni. Walikuwa na nini? Yeye alikuwa na mwavuli, na Konda alikuwa na mwavuli, yote miwili meusi, yote miwili imepita mikononi mwa Fundi mara nyingi hata haikuwa na njiti moja ya kiwandani. Wakaifunga, wakashika. Mvua ikawanyeshea kichwani, wazee watatu, mikono minne juu ya miavuli miwili iliyofungwa.

Fundi akamwuliza Mkunga kama ameridhika. Akasema wa Konda una mpini mrefu mno, lakini ameridhika. Akamwuliza Konda. Konda akasema ameridhika.

"Achia," akasema Fundi, polepole kuliko alivyowahi kusema.

Mkunga akaipiga kengele, kidogo, kama anayemwamsha mtu ambaye hataki kumshtua. Kisha wakafungua, kila mmoja mwavuli wa mwenzake, Mkunga akatoka kwa lango, naye Konda, kwa kuwa nyumbani kwake kulikuwa upande wa nyuma, akainama, akajikunja vipande vipande kama kipimo cha fundi seremala, akapita kwenye tundu la uzio. Fundi alisimama akaitazama ile miavuli miwili ikienda, mmoja huku, mmoja kule, akisikiliza kama kuna njiti inayolia. Hakuna iliyolia. Hakuwaona tena.